Teremka Tukaze: Siti ya Ngozi Haijafa, Mnaiua Nyinyi

Majaribio ya katikati ya muhula yameisha, bumu bado halijaingia, mvua imekatika leo asubuhi, na mimi nina hasira. Nimeona niimwage hapa kabla haijanichachia tumboni.

Hasira yenyewe inahusu siti za baiskeli. Najua mmeshaanza kucheka. "Nchi ina matatizo chungu nzima, huyu analilia kiti cha baiskeli?" Ndiyo bwana, nalilia kiti cha baiskeli, tena kile kikuukuu cha ngozi, kilichokauka na kupinda kama gamba la kobe. Tulieni kidogo niwaeleze.

Watu wa Dar mnaweza msielewe, lakini kwetu huku baiskeli ni usafiri wa kweli. Siyo mazoezi, siyo mbwembwe za Jumapili. Mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani anatoka geto, anapiga pedali, anawahi kipindi cha saa mbili, na nauli inabaki mfukoni. Na nyingi ya baiskeli hizi hazikununuliwa dukani. Zimekuja juu ya basi kutoka Tabora, Shinyanga, Kahama, au zimetoka hapo Ifakara. Ni Raleigh ya babu. Ni Phoenix ya mjomba aliyestaafu ualimu. Zile za zamani zaidi zinafika na siti yake ya ngozi, imepigwa ribiti nyuma na mbele, na springi mbili chini yake.

Kinachofuata ndicho kinachonikera. Haupiti muhula, siti ile haipo tena. Imeuawa. Na huwa inauawa kwa njia mbili tu.

Njia ya kwanza ni fundi. Unampelekea baiskeli akuzibie pancha, yeye anaigonga siti kwa kidole mara mbili, anatikisa kichwa kama daktari, anakwambia, "Hii imekufa dogo, weka sponji." Unatoa elfu kumi na mbili, anakufungia kiti cheusi kilichovimba kama andazi, na ile ya ngozi anaitupia pembeni kwenye lundo la vyuma chakavu.

Njia ya pili ni mafuta. Hapa muuaji siyo fundi, ni mwenye baiskeli mwenyewe au rafiki yake mjuaji. "Ngozi imekauka? Ipe mafuta!" Basi wanachukua oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki, au mafuta ya alizeti yaliyobaki kwenye kikaango, wanaimwagia mpaka inang'aa. Siku tatu wanajisifu. Wiki ya nne siti imelegea kama machela ya mgonjwa, na suruali zote za kaki zina doa pale pale mnapopajua.

Mimi nasema hivi, na anayetaka kubisha abishe: siti ya ngozi haifi kwa uzee. Inakufa kwa haraka zetu. Tunataka ilainike leo hii hii, isipolainika tunaizamisha kwenye mafuta, na hilo likishindikana tunaitupa. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini akajiuliza kile kitu kimetengenezwaje na kinambebaje mtu.

Tuanze hapo basi. Nani amewahi kulala kitanda cha kamba kwa bibi? Wa pwani mnakiita teremka tukaze. Jina lenyewe limemaliza maelezo yote. Kitanda kile hakina godoro la kukubeba. Kinakubeba kwa sababu kamba zimevutwa toka mti mmoja hadi mwingine. Zikilegea, unateremka, mnazikaza, unapanda tena. Siti ya ngozi ni kitanda cha teremka tukaze cha makalio. Ni kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, unene wake karibu milimita 5, kimefungwa kwa ribiti kwenye chuma cha nyuma na chuma cha mbele, kikavutwa katikati. Chini ya ngozi hakuna kitu. Hakuna sponji wala ubao, ni hewa tupu. Kinachokubeba ni mvuto ule.

Ukishaelewa hilo, makosa yote mawili unayaona bila kufundishwa. Anayemwaga mafuta analegeza kamba za kitanda kisha analalamika kitanda kinabonyea. Na anayeng'oa siti kwa sababu ni ngumu, anashangaa kwa nini kamba zimekazwa.

Nakuja kwa wapenda sponji. Mnasema siti ya ngozi inaumiza. Sawa. Mtu anapokaa kwenye baiskeli, uzito wake unatakiwa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Sponji siku ya kwanza ni tamu kweli, sikatai. Unazama. Lakini ukishazama, mifupa inafika chini kwenye plastiki ngumu, na sponji iliyobaki katikati inakusukuma pale ambapo hupendi kusukumwa. Kwa safari ya dakika tano huoni kitu. Kwa wale wanaotoka mbali kila siku, kwenda na kurudi, mnajua ganzi ninayoizungumzia. Ngozi inafanya kinyume. Mwanzo inakubishia, lakini kila ukikaa inabonyea kidogo pale ilipo mifupa yako wewe, mpaka inashika umbo lako. Sponji haijifunzi chochote. Inachakaa tu.

Tena inachakaa upesi. Chumba cha jirani yangu hapa geto wamebadilisha siti ya sponji mara tatu tangu mwaka wa kwanza. Jua linapasua ngozi ile ya bandia, mvua inaingia ndani, ukikaa asubuhi unainuka na alama ya maji kama mtoto wa chekechea. Elfu kumi na mbili mara tatu ni elfu thelathini na sita. Ni pesa ya chakula hiyo jamani, na sote tunajua bumu linavyochelewa.

Sasa nisikilizeni jambo la kuchekesha. Raleigh nyingi za zamani zilifungwa siti za Brooks. Huyu John Boultbee Brooks alianzisha biashara yake Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, akitengeneza vitu vya ngozi vya farasi. Mwaka 1882 akasajili hataza ya siti ya baiskeli. Kampuni ipo mpaka leo, tangu 2002 iko chini ya Selle Royal ya Italia, na siti yao iitwayo B17, ambayo iko sokoni tangu miaka ya 1890, bado inatengenezwa kwa mtindo ule ule: ngozi, ribiti, nati ya kukazia. Mpya bei yake inazidi euro 100. Pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi, mtafika laki mbili na nusu na kupita. Na kuna watu huko Ulaya wanatafuta zile kuukuu kwa udi na uvumba ili wazifufue. Sisi tunazitupa kwenye lundo la chuma chakavu, kisha tunatoa elfu kumi na mbili ili tupewe sponji. Halafu tunajiita wasomi!

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi tuzitunze kwa sababu Mzungu anazithamini. Hilo nalo ni ugonjwa wake. Ningekuwa na hoja hii hii hata kama kule hazina bei. Nasema tuzitunze kwa sababu zinafanya kazi, zinadumu, na kuzifufua ni kazi ya mikono miwili na siku chache za subira.

Nilimwomba fundi mmoja aniuzie siti kutoka lundo lake. Akaniuzia tatu kwa elfu tano, akicheka. Moja ilikuwa maiti kweli, ngozi imechanika pua nzima. Mbili zimefufuka. Moja naikalia mimi kila siku, nyingine anaikalia binti wa darasani kwetu anayetoka mbali kuliko mimi. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa sijayaokota mtandaoni. Nimeyafanya kibarazani, mbele ya wapangaji wenzangu waliokuwa wanauliza kama napika au naloga.

Hatua ya kwanza ni kuichunguza, na hapa uwe mkweli. Mistari myembamba juu ya ngozi, kama ya kiganja cha mzee, si ugonjwa. Ni uso tu umekauka. Ila ukikuta ufa umeingia ndani mpaka unaona nyuzinyuzi, au ngozi imeanza kuchanika kwenye ribiti, siti hiyo haitabeba mtu tena. Chukua springi na vyuma vyake, ngozi mpe mtoto atengenezee manati. Anayekwambia kila siti inafufuka ni mwongo kama yule anayesema zote zimekufa.

Pili, safisha. Brashi kavu kwanza, itoe vumbi la miaka yote, juu na chini. Kisha kitambaa chenye unyevu, unafuta, unakikamua, unafuta tena. Tafadhali weka mbali sabuni ya unga, na ya mche pia. Sabuni hizo ni za magadi, na ngozi ya aina hii inapenda uchachu kidogo, haipendi magadi. Ukungu mweupe ukiukuta, ufute nje ya chumba kisha iache siti kwenye upepo. Vyuma vya chini visugue kwa msasa, na hakikisha ngozi haijalowa wakati huo. Unga wa kutu ukikutana na ngozi mbichi unaacha madoa meusi yasiyotoka, kwa sababu tanini iliyomo kwenye ngozi ikikutana na chuma inageuka wino. Sitanii. Kwa karne nyingi Ulaya waliandika kwa wino uliotengenezwa hivyo hivyo.

Tatu, umbo. Kama siti imefunguka mbavuni, yaani pembe zake zimetawanyika kama masikio ya tembo, hapo ndipo maji yanapohitajika. Siyo mafuta, ni maji. Loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, funika ngozi mpaka ikubali kupinda. Narudia, uvuguvugu! Maji ya moto yanaifanya ngozi isinyae na kukakamaa, na hairudi tena, kama kipande cha nyama kilichotupwa kwenye maji yanayochemka. Ikishakubali, ipange kwa mikono, zirudishe mbavu ndani, izungushie vipande vya tyubu ya zamani ili ishike umbo, kisha iache ikauke kivulini siku mbili au tatu. Usiiweke juani. Usiiweke karibu na jiko la mkaa. Wala usiikalie kuijaribu! Ngozi iliyolowa ikikaliwa inanyooka kama mpira wa suruali na hairudi.

Kama mbavu zimeshalegea sana, toboa matundu madogo kila upande, chini kabisa, upitishe uzi imara chini ya siti toka upande huu hadi ule, kama kamba za kiatu. Ni ufundi wa zamani, na unazishika mbavu vizuri.

Nne, chakula. Hapa ndipo vita ilipo. Ngozi kavu inahitaji mafuta, ni kweli, lakini inayahitaji kama mgonjwa anavyohitaji uji, siyo kama jenereta inavyohitaji dizeli. Dawa inayouzwa kwa ajili ya siti za Brooks ina shahamu ya ng'ombe na nta ya nyuki miongoni mwa vitu vingine. Sasa niambieni, ni kipi kati ya hivyo hatuna? Shahamu iko kila bucha. Nta ya nyuki waulizeni wenzetu wa Tabora. Mimi nachukua nta sehemu moja na shahamu iliyochujwa sehemu mbili, naweka kwenye kikopo, kikopo nakiweka ndani ya sufuria lenye maji, moto mdogo. Nta inayeyuka kwenye nyuzi sitini na kitu, haihitaji kuchemshwa. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, itashika moto na mama mwenye nyumba atakufukuza. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya kupaka mwilini.

Paka kidogo kwa kitambaa, tabaka jembamba kabisa, juu ya siti. Iache ilale. Kesho yake futa iliyobaki juu, sugua mpaka ing'ae. Kama ngozi ilikuwa kavu sana, rudia mara moja, na chini yake paka mara moja tu. Basi. Baada ya hapo mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha. Ukiona kidole kinazama kwenye ngozi, umeshazidisha.

Wenye mafuta ya alizeti nawaambia yatachacha ndani ya ngozi, yatanata, yatakusanya vumbi lote la barabara. Wenye mafuta ya nazi, kwa joto la Morogoro yale ni maji tu, yanapenya moja kwa moja na kulegeza kila kitu. Wenye oili chafu sina la kuwaambia, mnapaka masizi ya injini kwenye kitu mnachokikalia. Na kuna wale waliosoma mtandaoni kwamba siti inachovywa kwenye mafuta usiku kucha ili ilainike haraka. Inalainika, ndiyo. Hata nyanya iliyooza imelainika.

Tano, na nimeiweka mwisho makusudi, ni kukaza. Pale kwenye pua, chini, kuna nati. Fundi mjuaji huanza nayo: anaona siti imebonyea, anachukua spana, anakaza kwa nguvu zote. Ngozi kavu, haijasafishwa, haijalishwa. Inachanika kwenye ribiti, kisha anasema, "Si nilikwambia imekufa?" Alikwambia kabla hajaiua! Nati ni ya mwisho, siti ikiwa imekauka kabisa na imeshakula. Tone moja la oili kwenye nati yenyewe tu, spana nyembamba inayoingia pale, robo mzunguko. Panda, zunguka siku chache, sikiliza. Ikihitajika, robo nyingine. Kuna siti hazihitaji hata hiyo robo. Kumbukeni kitanda cha bibi: unateremka kwanza ndipo mnakaza. Hakuna anayekaza kamba huku mgeni amelala juu.

Na mvua je? Zamani mtu alivalisha siti mfuko wa rambo akasahau. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kata kipande cha turubai, kishonee mpira pembeni, kaa nacho kwenye begi. Siti ikilowa, iache ikauke taratibu kabla ya kuipanda. Kama huna muda wa kusubiri, siku hiyo tembea kwa miguu. Haitakuua.

Jumla ya gharama zangu, nta, shahamu, msasa na uzi, haikufika elfu saba, na kikopo bado kiko nusu.

Sasa kwa nini nina hasira kiasi hiki? Kuna mshikaji wangu, simtaji. Baba yake alifariki yeye akiwa sekondari. Alichomwachia cha kushikika ni baiskeli. Mzee aliiendesha kwenda shambani na kurudi miaka mingi, na ile siti ilikuwa na mabonde mawili, la kulia limezama kuliko la kushoto, kwa sababu mzee mguu mmoja ulikuwa na hitilafu na alikuwa anaegemea upande. Ngozi ilikuwa imemwandika baba yake. Mshikaji aliipeleka baiskeli kwa fundi kubadilisha mnyororo, akaenda kipindini. Aliporudi alikuta sponji. "Nimekusaidia," fundi akamwambia, "ile ilishakufa." Wakaanza kuitafuta kwenye lundo. Wanunuzi wa chuma chakavu walishapita mchana.

Niliiona siti ile wiki mbili kabla. Haikuwa na ufa hata mmoja. Ilikuwa kavu tu.

Yule fundi si mtu mbaya, wala hakuiba. Alifanya alichozoea, na alichozoea ni kwamba cha zamani kikikauka kimekufa. Nani angemfundisha vingine? Sisi tunaokaa darasani tukisoma ngozi, tanini, protini na kemia yake yote, tunajibu maswali ya mtihani, tunatoka nje tunapanda baiskeli yenye siti ya sponji. Tanini tumeiandika kwenye karatasi ya majibu. Tanini iliyo chini ya makalio yetu hatuijui.

Hebu tutazame nchi yetu. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kule Njombe kuna kampuni ya miwati tangu 1949, inakamua tanini kutoka magome ya miti kwa ajili ya kusindika ngozi za namna hii hii, ngumu, zinazoshika umbo. Na hapa hapa Morogoro palijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, cha kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza hadi Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kinatajwa mpaka leo kwenye maandiko ya uchumi kama mfano wa msaada ulioharibika. Malighafi ya kuanzia tunayo. Magome tunayo. Majengo tuliwahi kuyajenga. Kilichokosekana ni mazoea ya kuijua ngozi mkononi, ya mtu kujua kwamba hii ina kiu, hii imeshiba, hii imekwisha. Ujuzi huo hauletwi na mkopo. Unaanzia kibarazani, kwa kitu kidogo kama siti.

Najua kuna atakayesema, "Wewe una muda wa kupoteza." Siku tatu za kukausha siti hazikuchukui muda, unaendelea na asaimenti zako huku yenyewe inakauka. Kazi ya mikono haizidi masaa mawili. Mara ngapi tumepoteza masaa mawili tukibishana Simba na Yanga?

Mwingine atasema ngozi ni nzito na inaogopa mvua. Kweli kabisa. Kama baiskeli yako inalala nje masika nzima na huna pa kuificha, sponji itakufaa zaidi, sikulazimishi. Na kama baiskeli ni ya kuazimana watu kumi, ngozi haitajua ishike umbo la nani. Ninachokataa ni kuhukumu bila kukagua. Mtu akiiangalia siti yake, akakuta ufa mpaka kwenye nyuzi, akaitupa, mimi namwamkia shikamoo. Anayeitupa kwa sababu imekauka, huyo ndiye niliyemwandikia leo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Mafundi wenye vijiwe karibu na chuo, kabla hamjaing'oa siti ya mtu, muulizeni kwanza. Na mkishaing'oa, mpeni mkononi, ni mali yake. Na nyinyi wenzangu mnaotoka likizo na baiskeli za nyumbani, muulizeni aliyewapa siti ile imekaliwa na nani na kwa miaka mingapi. Mkishajibiwa, sidhani kama mtaweza kuitupa kwa wepesi ule.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa kibarazani na kikopo changu. Mwenye siti kavu aje nayo, na kitambaa chake. Oili chafu iacheni getini.